Njia Panda Kumi na Tisa

Marietha alikuwa amekwisha kufunga mkanda na kushika usukani pale mlango wa kushoto wa gari lake ulipofunguliwa ghafla, akaingia mwanamume asiyemfahamu na kuketi kama mtu aliyerudi kwake.

"Nisamehe, ndugu yangu," alisema yule mwanamume, macho yake yakiwa kwenye miwani aliyokuwa akiifuta kwa ncha ya shati. "Foleni ya Tazara leo imenitesa. Na hii miwani, vumbi la Tandika limeifanya kama dirisha la jikoni. Twende basi, tusimwangushe mwalimu wetu, binti wa watu. Lakini wewe Mbwana, tangu lini umeanza kujipulizia marashi?"

Marietha alimtazama. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Alikuwa amefanya kazi ya ukunga kwa miaka thelathini na mitano, akaitwa nesi, sista, mama, bibi na, mara moja, na mzazi aliyezidiwa na uchungu, akaitwa shetani. Mbwana alikuwa hajawahi kuitwa.

"Mbwana bado hajafika," alisema. "Na haya si marashi, ni sabuni tu."

Miwani ikarudi usoni haraka. Nyuma yake kulikuwa na macho makubwa yenye ukungu kidogo. Yalimtazama yeye, yakatazama kitambaa cha maua kilichotandikwa kwenye viti, yakarudi kwake yakiwa na aibu.

"Mwe! Mama yangu, nisamehe sana. IST nyeupe. Mbwana naye ana IST nyeupe."

"Baba, humu uwanjani ziko saba."

Yule mwanamume akacheka. Kilikuwa kicheko kizito cha kutoka tumboni, kicheko cha mtu mrefu, na gari dogo likatikisika. Alivaa shati jeupe la mikono mirefu na suruali ya kijivu iliyonyooshwa kwa pasi hadi mkunjo ukasimama wima. Kofia yake ya pama aliiweka magotini kwa adabu, kama yuko kanisani.

Uwanja wa chuo cha udereva, huko Kinondoni, ulikuwa umefurika asubuhi hiyo. Koni nyekundu zilipangwa safu kwa safu, magari yalirudi nyuma kwa woga, honi zililia bila sababu, na kutoka kibanda cha chipsi nje ya ukuta muziki wa singeli ulikimbia kasi kuliko gari lolote humo ndani. Yalikuwa mafunzo ya usalama kwa madereva waliovuka miaka sitini: Jumamosi nane, wazee ishirini, na mwalimu mmoja wa miaka ishirini na saba aitwaye Mwamvita, aliyeanza kila somo kwa kuwaamkia wanafunzi wake.

"Shikamooni, wazazi wangu," alisema akiinamia dirishani, ubao wa kuandikia ukiwa kifuani. "Naona mmeshajuana. Mzee Gibson, mzee Mbwana amepiga simu. Amesema hawezi kufundishwa gia na mtoto aliyezaliwa yeye akiwa na leseni. Kwa hiyo wewe utakuwa jicho la pili la mama Marietha."

"Marahaba, mwalimu," alijibu Gibson. Kisha akamgeukia Marietha, akavua miwani na kuivaa tena. "Umesikia, sista. Makosa yangu yamebarikiwa."

"Funga mkanda kwanza," alisema Marietha. "Baraka baadaye."

*

Jicho la pili lilikuwa mtindo wa Mwamvita mwenyewe. Wanafunzi walipangwa wawili wawili. Mmoja akiendesha, mwenzake huketi pembeni na karatasi, akiandika kila anachokiona: kama breki imekanyagwa mapema, kama vibao vya barabarani vimesomwa, kama shingo imegeuzwa kutazama pembeni kabla ya kukata kona. Kisha wanabadilishana. Siku ya kwanza wote waliinua mikono wakaapa kwa sauti moja: "Nikiona, nitaandika." Mwamvita aliwaambia kwamba mwili wa mtu mzima hubadilika kidogo kidogo, na mwenye mwili ndiye wa mwisho kupata habari.

Gibson alikuwa ametoka Tukuyu akiwa kijana, akaanza utingo kwenye malori ya kwenda Tunduma, akapanda hadi udereva, akaendesha malori ya semi kutoka yadi za Kurasini kwa miaka thelathini. Sasa alikuwa na miaka sitini na sita, amefiwa na mkewe, akiishi Tandika na binti yake Bupe. Mchungaji wake alimtaka aendeshe basi dogo la kwaya, lakini apitie mafunzo kwanza.

"Kwa hiyo wewe Mmoraviani," alisema Marietha Jumamosi ya pili. Walikuwa kwenye benchi la mama ntilie wa getini, chai ya tangawizi mkononi.

"Mmoraviani wa damu. Na wewe?"

"Mkatoliki wa Ndanda. Babu yangu alibatizwa na wamisionari, mie nikabatizwa na paroko aliyebatizwa nao."

"Basi hatuwezi kuoana," alisema Gibson kwa huzuni ya uongo, akichovya chapati.

"Nani kakutaka?"

"Nimesema tu. Mtu anapima barabara kabla ya kuingia."

Marietha alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye gauni lake la kitenge. Alijifuta kwa ncha ya mtandio wake mpana wa kijani, ule aliouzungusha shingoni kila siku, jua likiwaka au mvua ikinyesha. Hakumwambia mtu kwamba mtandio ule ulikuwa kwa ajili ya shingo yenyewe. Ilikuwa imekaza tangu mwaka jana kama komeo lenye kutu.

Marietha alipoendesha, Gibson alikuwa na tabia moja. Wakikaribia njia panda, aligonga dashibodi kwa kidole. Mara moja. Pengine mara mbili.

"Ni nini hicho?" Marietha aliuliza.

"Utingo haumtoki mtu. Sie tulikuwaga tunagonga mlango wa lori. Moja, kushoto kuna kitu. Mbili, kulia kuna kitu. Dereva hasikii maneno, injini inapiga kelele, ila mlio wa kugonga anausikia."

"Basi mie nina lori?"

"Wewe una meli, mama. Endesha."

Naye aliendesha, na aliendesha vizuri. Kila Jumamosi karatasi yake ilirudi safi. Ya Gibson haikuwa safi hata kidogo. Marietha, mkunga, hakujua kuandika nusu ya ukweli. Aliandika: *Hasomi kibao mpaka akifikie. Anakanyaga breki dakika ya mwisho. Aende akapimwe macho, nadhani ni mtoto wa jicho.* Gibson aliisoma, akaipeleka mbali na uso, akaisogeza karibu, akasema, "Ndaga fijo." Kisha akaeleza kwamba kwao ndiyo asante sana, na kwamba hajawahi kuitoa kwa mtu aliyemwambia ni kipofu.

Simu zikaanza. Mara ya kwanza Gibson alipiga wakati Marietha akiwa bado njiani Ubungo, naye hakupokea. Alipofika nyumbani kwake Kibamba ndipo akampigia.

"Ukinipigia tena nikiwa barabarani, nakushtaki kwa mwalimu."

"Nilitaka kujua kama umefika, sista."

"Nikifika, nitakuwa nimefika. Subiri."

Tangu siku hiyo Gibson akawa anahesabu. Saa moja na nusu baada ya mafunzo kwisha, simu ililia kwenye meza ya jikoni kwake, na Marietha, ambaye alikuwa ameketi karibu nayo kwa muda akijifanya anachambua mchicha, aliiacha ilie mara tatu ndipo aipokee.

"Umefika, mama meli?"

"Nimefika. Umekula?"

"Bupe kapika ugali mgumu kama yeye mwenyewe. Niambie kitu kitamu."

"Korosho."

"Niambie kingine."

"Gibson, una wajukuu wanne."

"Na wote hawasikii tunachosema. Niambie."

Jumamosi ya nne alimwambia kitu ambacho hakikuwa kitamu. Mwanawe Deogratias, aliyefanya kazi benki na kuishi Tegeta, alimwekea sharti. Kibamba ni mbali, mlima kwenda kwake umechimbika, na mama yuko peke yake tangu baba afariki. Akipata cheti kisafi cha mafunzo haya, aendelee kuendesha. Asipokipata, gari liwekwe, nyumba ipangishwe, ahamie chumba cha uani kwa Deo.

"Ni mtoto mzuri," Marietha alisema. "Anaogopa tu. Lakini chumba cha uani, Gibson! Niketi pale nisubiri kuitwa kula? Nina kikundi changu cha wajawazito pale zahanati. Nina kwaya. Nina migomba yangu sita. Nilimjibu kwa hasira, nikamwambia nisipopata cheti kisafi, ufunguo nitampa kwa mkono wangu mwenyewe."

Gibson alikuwa ameshika karatasi ya siku ile. Aliikunja pembe, akaikunjua.

"Utakipata," alisema hatimaye, akaandika haraka.

*

Alhamisi moja asubuhi, baada ya Jumamosi ya tano, Marietha aliteremka kutoka Kibamba peke yake kwenda kununua vitambaa vya watoto wa zahanati. Karibu na Mbezi alitaka kukata kushoto. Aliwasha taa, akatazama kioo, akakata.

Kulitokea mkwaruzo, kisha kelele ya mtu, kisha mlio wa ajabu, laini, wa vitu vingi vinavyopasuka kwa pamoja.

Bodaboda ilikuwa imelala pembeni. Dereva wake, mtu mzima wa miaka arobaini hivi mwenye koti la kuakisi mwanga, alikuwa ameketi kwenye ukingo wa barabara akiwa mzima, akitazama trei sita za mayai zikitiririka kuelekea mtaroni.

"Mama, hukuangalia!"

"Nimeangalia, baba! Nimeangalia kioo!"

"Kioo umekiangalia. Mie nilikuwa hapa ubavuni, nakuona kabisa. Shingo hukuigeuza hata kidogo."

Marietha alitoa kisanduku cha huduma ya kwanza, akapiga magoti barabarani na gauni lake, akamsafisha kiwiko kilichochunika. Mikono yake haikutetemeka. Haikuwahi kutetemeka mbele ya damu. Yule dereva, aliyejitambulisha kuwa anaitwa Mwishehe, hasira ilimshuka kadiri dawa ilivyomuuma.

"Wewe ni daktari?"

"Mkunga."

"Basi leo umenizalisha upya," alisema Mwishehe. "Ila ningekuwa mtoto wa shule anavuka, mama, tungeongea mengine."

Alipokuwa amerudi ndani ya gari, wamekwisha kupatana bei ya mayai, na Mwishehe ameondoka, Marietha alijaribu kugeuza shingo kushoto. Ilifika robo ya njia ikagoma. Akafungua mkoba, akatoa karatasi zake tano na kuziweka magotini. *Anageuza shingo kabla ya kukata kona?* Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Mwandiko mkubwa, wa kulala, wa mtu aliyejifunza kuandika kwenye daftari la mizigo.

Ndipo akasikia kilichokosekana asubuhi ile. Hakuna aliyegonga dashibodi.

Hakungoja kufika nyumbani. Alizima injini, akapiga simu papo hapo.

"Mama meli! Leo umenipigia wewe..."

"Umeiona shingo yangu tangu lini?"

Upande wa pili redio ilipunguzwa sauti. Kwa mbali, sauti ya Bupe ikiuliza ni nani.

"Gibson. Tangu lini?"

"Jumamosi ya pili," alisema taratibu. "Marietha, nini kimetokea? Umeumia?"

"Ya pili! Na ukawa unagonga. Unanigongea kama ng'ombe anayepelekwa mnadani, mie najiona dereva hodari. Leo nimemwangusha mtu, Gibson. Baba wa watu. Amesalimika kwa rehema tu."

"Mungu wangu. Nisikilize. Mwanzo nilikuonea haya tu kukuandika. Ulivyonieleza habari za Deo, nikasema moyoni, nikiandika hapana, huyu mama atafungiwa uani. Nikasema nitakuwa shingo yake. Mie nipo kila..."

"Hukuwepo leo."

"Sikuwepo."

"Mimi nilikuandika macho yako wiki ya tatu. Unajua iliniuma kiasi gani? Nilijua utakosa basi lako la kwaya. Nikaandika, kwa sababu nakutaka uwe hai. Wewe ulinitaka niwe na furaha Jumamosi mpaka Jumamosi. Katikati hapo, nife zangu."

"Usiseme hivyo."

"Tuliapa, Gibson. Nikiona, nitaandika. Maneno mawili tu."

Akakata. Kisha akalia kidogo, akajifuta, akageuza mwili wote kutoka kiunoni, akatazama nyuma kwa macho yake mwenyewe, akaingia barabarani.

*

Jumamosi iliyofuata alimwambia Mwamvita kila kitu, na akaomba abadilishiwe mwenza. Mwamvita alimsikiliza akiwa ameketi juu ya tairi kuukuu.

"Kubadilisha naweza, mama. Ila shingo kwanza." Akamfundisha kugeuka kutoka kiunoni, mkono mmoja ukishika kiti. Akambandikia vioo vidogo vya duara kwenye vioo vya pembeni. Akamwelekeza kwa mtaalamu wa viungo pale Kinondoni, kijana aliyemkanda shingo mpaka akaona nyota mchana. Mtandio wa kijani ukabaki kwenye msumari nyumbani.

Gibson hakuonekana Jumamosi ile. Simu yake ilikuwa imezimwa. Saa moja na nusu baada ya mafunzo Marietha alijikuta ameketi kando ya meza ya jikoni na mchicha uliokwisha kuchambuliwa, akaukasirikia mchicha.

Jumanne alasiri, kabla ya Jumamosi ya saba, mtu alipiga hodi. Alikuwa amepanda mlima wote wa Kibamba kwa miguu. Suruali ilikuwa na vumbi hadi magotini, begani alibeba kiroba cha mchele wa Kyela, na jicho lake la kulia lilifunikwa kwa bandeji nyeupe.

"Karibu," alisema Marietha kabla hajakumbuka kwamba amekasirika. "Jicho limefanya nini?"

"Wamelisafisha. Ni mtoto wa jicho, kama ulivyoandika. La kushoto mwezi ujao." Gibson akauteremsha mchele barazani, akabaki amesimama. "Sikuja kuingia. Nimekuja kusema kitu, halafu niteremke."

"Na mlima wote huo? Keti."

Akaketi kwenye ngazi. Marietha akamletea maji, naye akayanywa yote ndipo aseme.

"Nilikuwa utingo miaka sita. Siku moja, kwenye mteremko wa Kitonga, niliona breki inavuja. Dereva wangu alikuwa na haraka, mkewe anajifungua. Nikamwonea huruma, nikanyamaza, nikasema nitagonga mlango kama kuna shida. Tulisimama kwenye ukingo wa korongo, gurudumu moja hewani. Nikaapa sitanyamaza tena. Na miaka arobaini imepita, nimependa mtu, nimenyamaza. Sina la kujitetea, Marietha. Nilikuwa mwoga, nikauita uoga wangu upendo."

Migomba ilitikisika kwa upepo. Marietha aliitazama bandeji ile jinsi ilivyobandikwa vibaya. Mikono yake ilitamani kuibandua na kuibandika upya.

"Mwamvita amekubali kunipa mwenza mwingine kwa safari ya mwisho ya kupimwa," alisema.

"Ni haki yako."

"Sitaki mwenza mwingine. Ila niahidi kitu kimoja. Kidogo tu. Usigonge. Na andika utakachokiona, hata kama ni kibaya kiasi gani, hata kama Deo amesimama pale."

"Nikiandika kibaya, utahamishwa."

"Niahidi."

Gibson alivua kofia. "Nakuahidi."

"Sasa sogea hapa kwenye mwanga. Nani amekubandika hivi, fundi baiskeli?"

*

Jumamosi ya nane jua lilitoka mapema. Marietha alivaa gauni jipya la kitenge cha bluu, shingo wazi, na hereni ndogo za dhahabu. Gibson alipomwona alijisahau, hata kofia yake ikagonga juu ya mlango wa chuo. Bandeji ilikuwa imeondolewa.

"Kumbe una shingo nzuri hivyo," alisema, "ukaificha wiki zote."

"Tazama barabara, mzee. Ndiyo kazi ya hilo jicho jipya."

Safari ilikuwa kutoka Kinondoni mpaka Kurasini na kurudi, Mwamvita akifuata nyuma kwa pikapu ya chuo. Kutoka nyuma mwalimu aliweza kuona taa, breki na mwendo, lakini shingo ya dereva hakuiona. Mambo ya shingo aliyajua aliyeketi pembeni tu.

Marietha aliendesha kimya. Katika kila njia panda alishika kiti, akageuka kutoka kiunoni, akatazama kwa macho yake, akakata. Karibu na bandari malori ya makontena yaliwazunguka kama nyumba zinazotembea, vumbi likapanda, honi zikanguruma. Gibson aliketi mikono ikiwa chini ya mapaja yake, ameikalia kabisa. Kisha wakaingia barabara ya nyuma ya yadi, ndefu, tupu, isiyo na mtu wala kuku. Marietha alipumua kwa mara ya kwanza. Kwenye kona ya mwisho wa barabara ile alitazama kioo, akakata.

Mita chache mbele moyo wake ukashtuka. Hakuwa amegeuka kutazama.

Hakumtazama Gibson. Labda hakuona. Jicho moja bado bovu. Na hakukuwa na kitu barabarani.

Waliporudi uwanjani alizima injini. Gibson alikuwa na karatasi magotini na kalamu hewani. Kalamu ilibaki hewani muda mrefu. Nje, wenzao walikuwa wanapiga makofi, mmoja mmoja akipokea bahasha yake ya cheti. Deo alikuwa amesimama karibu na geti kwa shati lake la benki, akiwapungia.

Gibson akaandika. Akashuka, akazunguka gari, akampa Mwamvita karatasi mkononi, kisha akaenda kusimama kando ya ukuta, kofia mkononi.

Mwamvita alisoma, akamwonyesha Marietha bila kusema. *Njia panda kumi na tisa. Kumi na nane aligeuka vizuri kuliko dereva yeyote niliyewahi kukaa naye. Ya kumi na nne hakugeuka. Barabara ilikuwa tupu, lakini hakugeuka.*

"Ni cheti cha masharti, mama," Mwamvita alisema kwa sauti ya chini, macho yake yakilengwa na machozi. "Miezi mitatu ya mazoezi bila kuendesha peke yako, halafu unarudi kupimwa. Nakiweka kwenye bahasha. Si lazima mtu mwingine akisome."

Marietha aliichukua bahasha na ile karatasi, akatembea mpaka ukutani.

"Nimekupoteza?" aliuliza Gibson.

"Ungeandika kumi na tisa, ungenipoteza." Akaikunja karatasi, akaiweka kifuani mwa gauni. "Nilijua. Nilikuwa naomba usiwe umeona, na nilikuwa naomba uwe umeona. Vyote kwa pamoja."

Gibson alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. "Marietha, mie sina gari. Basi la kwaya wamempa mwingine. Jicho moja zima, moja bado. Wajukuu wanne na binti mkali. Nioe."

"Mwanamume haolewi, Gibson."

"Basi nikuoe. Maneno yamenichanganya."

"Kwa Wamoraviani au kwa Wakatoliki?"

"Kwa yeyote atakayefungua mlango mapema."

Marietha alicheka kwa sauti, mbele ya uwanja mzima, akaushika mkono wake. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo, bwana. Sasa ngoja."

Deo alikuwa anakuja, simu sikioni, akiimaliza haraka. "Mama, nimesikia makofi! Umepasi? Bahasha unayo! Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba," alisema Gibson.

"Basi mie nimeridhika, mama. Ofisi wananingoja, tutaongea jioni." Alimbusu shavuni, akageuka, akaanza kuondoka kwa hatua za furaha. Bahasha hakuigusa. Marietha alimtazama mgongo wake ukienda. Hatua kumi. Hatua kumi na tano. Ingetosha tu kunyamaza.

"Deo," aliita. "Rudi, mwanangu."

Akarudi. Marietha alifungua mkoba, akatoa ufunguo wenye kipande cha ngozi nyekundu, akauweka kwenye kiganja cha mwanawe na kuvifunga vidole vyake juu yake, kwa mkono wake mwenyewe.

"Si kisafi. Kona moja sikugeuka. Miezi mitatu, kisha nitakuja kuuomba tena."

Deo alitazama ufunguo, akamtazama mama yake kana kwamba amemwona sasa hivi. Akaupindua ufunguo kiganjani. "Hata nisingejua, mama."

"Mimi ningejua."

"Basi... Tegeta. Nikuandalie chumba lini?"

"Ufunguo nilikuahidi, Deo. Nyumba sikukuahidi."

"Na huko mlimani utafikaje?"

"Huyu mzee kaupanda kwa miguu akiwa na jicho moja na kiroba cha mchele. Mtu wa kunisindikiza ninaye. Jumapili njoo umsalimie vizuri, tuna la kukuambia."

Deo alimtazama Gibson, akatazama mikono yao iliyoshikana tena. Kisha akaanza kutabasamu taratibu, kama mtu anayesoma barua nzuri kwa mwandiko mgumu. Akaingia kwenye gari jeupe la mama yake, akaliwasha, akalitoa getini polepole.

Marietha alilitazama mpaka likapotea. Ilimuuma kuliko alivyotarajia, pale chini ya mbavu. Gibson hakumwambia asilie.

"Unaumia?"

"Sana."

"Unajuta?"

Akafikiri, kwa sababu swali lilistahili kufikiriwa.

"Hapana," alisema, akijifuta uso kwa kiganja. "Simamisha bajaji itufikishe kituoni. Kibamba ni mbali, na leo mie na wewe ni abiria."